Ndege wa Tanga bila gari: panga siku zako kwa maji kujaa na maji kupwa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Likizo ya Desemba nakuja Tanga kwenye harusi ya rafiki yangu. Harusi ni Ijumaa na basi langu la kurudi ni Jumatatu alfajiri, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili ni zangu. Nitafikia Chumbageni. Mwaka huu nimeanza kupenda kutazama ndege, na nimerithi darubini ya marehemu baba, imeandikwa 20x50. Kila ninayemuuliza ananiambia bila gari nisijisumbue, nikodi niende Mkomazi au Saadani. Gari sina, na pesa ya kukodi sina. Je, mjini kuna cha kuona kwa miguu na daladala? Nianzie wapi? Na msitu wa Amani, kule milima ya Usambara, unafikika? Halafu, mwanamke peke yake na darubini ufukweni, haitaleta maneno?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mungu amrehemu mzee. Darubini yake tutaizungumzia, maana hapa Tanga itakuwa na kazi kuliko unavyodhani.

Waliokuambia usijisumbue wanawaza ndege wa mbugani, na huko kweli bila gari hufiki mbali. Lakini wewe unakuja mji wa pwani, tena Desemba. Kuanzia Septemba hadi Aprili matope ya pwani hii hulisha makundi ya ndege waliotaga na kulea makinda yao Siberia, Asia ya Kati na nchi za Ghuba ya Uajemi, kisha wakaja kwetu kula na kunenepa. Wanapolia chakula gari halifiki. Hata aliyekuja na Land Cruiser ataiacha barabarani na kushuka kwa miguu, mkawa sawa.

Kitu cha kupanga kwanza ni saa. Mahali tutapapata tu. Nitakueleza kwa urefu, kwa sababu nimeona watu wengi wakija pwani na darubini nzuri kuliko yako, wakashuka ufukweni saa nne asubuhi, wakakuta uwanja mtupu wa matope, wakaondoka wakisema Tanga haina ndege isipokuwa kunguru.

Maji ya bahari kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua: maji hujaa mno na hupwa mno, na tofauti ya kina hupita mita 3. Katika siku hizo za bamvua, pwani ya Tanga, maji hujaa saa kumi hivi alfajiri na tena saa kumi hivi alasiri. Hupwa saa nne hivi asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne na hupwa karibu saa kumi. Hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, tofauti yake ni kama mita 1. Kwa hiyo kabla hujafunga begi, tazama kalenda ya mwezi mwandamo. Ukijua Jumamosi hiyo mwezi una siku ngapi, umeshajua maji yatakuwa wapi saa ngapi, bila kumuuliza mtu. Ukitaka uhakika wa dakika, majedwali ya maji yapo kwenye intaneti, na mvuvi yeyote atakujibu papo hapo.

Sasa mweke ndege kwenye hesabu hiyo. Chakula chake, yaani minyoo, kaa wadogo na konokono, kiko ndani ya matope. Maji yakipwa kabisa, meza ni pana: ndege wanatawanyika nusu kilomita na zaidi kutoka ulipo, na wewe unaona vidoti vinavyotembea. Maji yakianza kurudi, meza inapungua. Ndege hataki kuacha kula, kwa hiyo anarudi nyuma taratibu, hatua kwa hatua, mbele ya maji, akija upande wako. Saa mbili za mwisho kabla maji hayajajaa ndizo zako. Hapo aina tano au sita zinakuwa kwenye ukanda mmoja mwembamba wa matope, karibu, zikila kwa haraka. Maji yakishajaa wanaruka kwenda kupumzika juu ya mikoko, kwenye ulimi wa mchanga au kwenye mashamba ya chumvi, na shughuli imekwisha.

Kwa hiyo siku za bamvua uwe umeshakaa chini ufukweni saa nane mchana, na uondoke saa kumi na nusu. Kuna faida nyingine: fukwe za upande wa mashariki, kama za Sahare na Mwambani, wakati huo jua liko mgongoni kwako na linawamulika ndege usoni, rangi zote unaziona. Ikiwa wikendi yako itaangukia maji mafu, kaa ufukweni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne. Ndege hawatasogea karibu sana, kwa sababu matope hayafunikwi yote, na jua litakuwa machoni. Bado utaona vitu vizuri. Lakini kama una hiari ya kuchagua wikendi ya kusafiri mwaka mwingine, chagua ya bamvua.

Nimesema ukae chini, na ninamaanisha kukaa. Ndege hawa wamezoea watu wanaofanya kazi. Akina mama wanaookota chaza na kome wameinama matopeni, na utaona sululu anakula mita 20 kutoka kwao bila wasiwasi. Anachoogopa ni mtu aliyesimama wima akimkodolea macho na kumwendea. Tafuta ngalawa iliyopandishwa au shina la mti, tandika kanga, kaa, egemeza mgongo, tulia. Kundi zima likiacha kula na kuinua vichwa, umesogea mno. Rudi nyuma kidogo. Ukiwarusha umewapotezea muda wa kula, na muda huo wana haja nao kweli, kwani mwezi wa tatu na wa nne wanaanza safari ya kurudi kaskazini kwa mafuta waliyojiwekea hapa.

Utamwona nani? Anza na wakubwa, usijitie kwenye vita na wadogo siku ya kwanza. Sululu ndiye rahisi: wa kahawia, miguu mirefu, mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Mtazame mmoja tu kwa dakika kumi. Anatembea polepole, anasimama, anaingiza mdomo wote kwenye tundu na kumtoa kaa. Kaa mkubwa hamezwi mzima: anamtikisa mpaka miguu inakatika mmoja mmoja, mara nyingi anampeleka kwenye kidimbwi na kumsuuza matope, ndipo anammeza. Baada ya hapo utaelewa kwa nini mdomo ule umepinda, maana tundu la kaa nalo limepinda.

Wa pili, na kwangu mimi ndiye wa kumfuata hasa, ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu cha buluu na mdomo mnene mweusi wenye ncha. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Duniani hana ndugu wa karibu; familia yake ina yeye peke yake. Chakula chake kikuu ni kaa, na mdomo ule umefanyiwa kazi hiyo. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba ya Uajemi, Omani na Bahari ya Shamu, na kiota chake ni shimo analolichimba mchangani, anataga yai moja jeupe humo ndani gizani. Miezi hii ya kaskazi wako kwetu. Ukiwapata, tafuta mwenye mgongo wa kijivu badala ya mweusi: huyo ni kinda wa mwaka huu. Amesafiri na mzazi kuvuka bahari, na hapa Tanga bado anamfuata nyuma akilialia apewe chakula, na mzazi bado anampa. Kwa ndege wengi wa ufukweni, kinda hujitafutia chakula mwenyewe tangu siku zake za kwanza. Huyu analea mpaka ugenini. Nimewaonyesha jambo hili watoto wa shule mara nyingi, na hakuna hata mmoja aliyelichoka.

Wa tatu ni chamchanga mmoja mfupi, miguu ya manjano ya machungwa, mdomo mrefu uliopinda kuelekea juu. Jina lake la kitaalamu ni Xenus cinereus. Hutamtambua kwa rangi, utamtambua kwa mwendo: anakimbia ameinamisha kichwa, anakata kona, anakimbia tena, kama mtu anayefukuza sarafu iliyomdondoka. Maji yakijaa, yeye na sululu hupanda kwenye matawi ya mlilana, ule mkoko unaoota mbele kabisa baharini. Usishangae kumwona ndege wa matope amekaa juu ya mti.

Katikati ya hawa patakuwa na wadogo wa kijivu, wengi, wote wanaonekana sawa. Waache wapite, ila jua tu kwamba mmoja wao, mwenye mdomo uliopinda kidogo chini, ana uzito wa gramu 60 hivi na alizaliwa kwenye tundra ya Siberia. Calidris ferruginea. Majina ya wengine yatakuja yenyewe safari ya pili na ya tatu.

Usimpite yangeyange bila kumtazama. Huko Dodoma unawaona weupe wanaofuata ng'ombe. Huku kuna yangeyange wa bahari mwenye sura mbili: mmoja mweupe wote, mwingine wa kijivu cheusi mwenye koo jeupe, na ni ndege wa aina moja, wanaoana na kulea pamoja. Anapatikana hasa pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi kama Madagaska. Mtazame miguu: myeusi, ila vidole ni vya manjano. Anakoroga maji kwa kidole, samaki mdogo anashtuka, anachomwa. Mara anakimbia huku na huku amefungua mabawa nusu.

Sasa mahali. Sahare ni karibu, bodaboda au bajaji kutoka Chumbageni ni safari fupi, na kwa baiskeli ni raha zaidi. Ni pwani ya wavuvi yenye mikoko. Hapo ningeweka alasiri ya Jumamosi. Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani, ardhi ni tambarare, na nyumba nyingi zina baiskeli ukumbini. Muulize mwenyeji wako kabla hujaenda kutafuta ya kukodi. Ukiwa na baiskeli unasikia ndege njiani, unasimama unapotaka, na ufukweni unaiegemeza tu mnazi. Mwambani iko mbali kidogo kusini na kwa baiskeli ni safari ya kutolea jasho kwenye joto la Desemba, lakini inafikika.

Jumapili ningekwenda Tongoni. Panda gari la Pangani, mwambie konda akushushe Tongoni, kama kilomita 17 kutoka mjini, kisha unatembea kidogo kuelekea baharini. Pana magofu ya msikiti na makaburi ya kale zaidi ya 40, mengine ya mnara, na kiingilio hulipwa kwa mlinzi. Mbele yake ni mikoko na matope. Usiyaharakishe magofu, kuta za zamani ni mahali pazuri pa kukaa kivulini ukisubiri maji, na miti ya hapo ina ndege wake. Jambo moja tu: uliza konda saa ya gari la mwisho la kurudi mjini, usije ukategemea la jioni sana.

Asubuhi zako zote mbili, za bamvua au za maji mafu, ziwe za miti. Toka saa kumi na mbili kasoro. Pita barabara ya Hospitali ya Bombo kwenda Ras Kazone, tembea polepole, rudi. Viwanja ni vikubwa, miembe na mikungu ni ya zamani, na magari ni machache saa hizo. Ndege wadogo waitwao chozi wako kwenye maua ya migomba na ya bustani; dume anang'aa, jike ni wa kawaida kabisa, na ukimwona jike peke yake subiri, dume hayuko mbali. Shorewanda wataanza kupiga kelele kabla ya wote. Hondohondo utamsikia kabla hujamwona, mabawa yake yanavuma. Tipitipi anabubujisha sauti yake ndani ya kichaka, na ukitaka kumwona tazama chini, maana hapendi kukaa juu.

Kuna ndege mmoja hapo watu wanampita kila siku. Tazama makuti ya mnazi yaliyokauka, yale yanayoning'inia chini. Utaona teleka, wembamba, mabawa membamba, mkia uliogawanyika, wakizunguka mnazi ule ule na kupotea ndani yake. Anajenga kwa manyoya anayoyadaka hewani na kuyagandisha kwenye kuti kwa mate yake. Mayai nayo anayagandisha kwa mate, maana kuti limesimama wima na linatikiswa na upepo mchana kutwa. Analalia akiwa ameng'ang'ania kwa kucha. Bandika darubini kwenye mnazi wenye makuti makavu mengi, usihame. Na ukifika kwa mwenyeji anayetaka kusafisha mnazi wake kwa kukata makuti yote makavu, mwombe aache machache.

Kwenye mikoko na bustani za karibu na bahari, mtafute mdiria wa mikoko. Kichwa kijivu, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu juu na chini. Mwenzake wa bara anafanana naye sana ila mdomo wake wa chini ni mweusi. Hapo ndipo pa kuwatofautisha. Na ukimwona ndege mkubwa mweupe na mweusi juu ya mchikichi au mnazi, usiseme haraka ni furukombe. Furukombe ana kichwa cheupe na tumbo la hudhurungi. Mwenye tumbo jeupe na ngozi nyekundu usoni ni tai mla chikichi, tai wa ajabu ambaye sehemu kubwa ya chakula chake ni matunda ya michikichi. Ukanda wetu wa pwani na milima ya Usambara anapatikana, na kwa mtu wa Dodoma huyo ni zawadi.

Kunguru watakuwa wengi, na wengi wao ni wale wenye shingo ya kijivu, waliotoka Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, wakazaana, wakavuka, na sasa wanaiba mayai na makinda ya ndege wadogo kila mji wa pwani. Sina mapenzi nao, ila wana msaada mmoja: wakikusanyika kwenye mti mmoja wakipiga makelele yasiyoisha, nenda kaangalie. Mara nyingi wamemzingira bundi au kipanga.

Darubini ya mzee. Namba ya kwanza, 20, ni mara ngapi inakuza. Ya pili, 50, ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kwa kushika mkononi watazama ndege hutumia 8 au 10, kwa sababu kadiri unavyokuza picha ndivyo unavyokuza pia mtetemeko wa mikono, na eneo unaloliona linakuwa dogo. Gawanya 50 kwa 20 unapata 2.5; kwa darubini yao ya 8x42, gawanya 42 kwa 8 unapata zaidi ya 5. Huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika jichoni, na ndiyo maana alfajiri chini ya miembe darubini yako itaonyesha giza. Asubuhi, basi, tumia zaidi macho na masikio, na darubini kwa aliyetulia tu. Lakini alasiri ufukweni, kwenye mwanga mwingi, ndege yuko mbali na yuko wazi, hapo 20 ni utajiri. Inahitaji kitu cha kuegemea. Chukua fimbo ya ufagio, ikate ifike usawa wa macho yako ukiwa umekaa, iegemeze darubini juu yake huku viwiko viko magotini. Au iweke juu ya ubavu wa ngalawa. Utaona jicho la sululu. Usihangaike kununua nyingine kabla ya safari hii.

Amani inafikika, ila si kwa siku hizi mbili. Magari ya Muheza ni mengi na safari haizidi kama saa moja hivi, lakini kutoka Muheza kupanda Amani magari ni machache, barabara ni ya mlima, na hakuna uhakika wa kushuka siku hiyo hiyo. Ukienda Jumamosi utapoteza siku yote njiani na utakuwa umeikosa bahari. Ifanye safari ya peke yake, ulale siku mbili. Msitu ule una haki ya kutazamwa kwa utulivu. Wajerumani waliweka kituo cha utafiti pale mwaka 1902, na mtaalamu Reginald Moreau alifanya kazi hapo kuanzia 1928 hadi 1946. Kuna ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu anayeitwa kwa jina lake, Artisornis moreaui, aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 1931. Anaishi kwenye mitambaazi ya msitu wa Usambara Mashariki na kwenye milima ya kaskazini mwa Msumbiji, basi. Pia kuna chozi wa Amani, ambaye hukaa juu kabisa kwenye vilele vya miti. Hawa wote wanataka mwongozaji anayezijua sauti zao, na hifadhi ina waongozaji.

Ukiona Jumapili mvua ya vuli imeharibu mpango wa Tongoni, Mapango ya Amboni ni mbadala mzuri. Yako kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, unashuka kwenye barabara ya Horohoro na kumalizia kwa bodaboda. Msitu wa kuzunguka mapango na kingo za mto Zigi una ndege wa kutosha asubuhi moja. Lipa kiingilio, mwambie mwongozaji tangu mwanzo kwamba unataka ndege, si popo peke yao.

Umeuliza kuhusu mwanamke peke yake. Maneno hayawezi kukosekana ukijificha, ukijitambulisha yanakwisha. Ufikapo ufukweni usikae pembeni kimya. Wasalimie wazee wanaoshona nyavu, shikamoo kwanza, waambie wewe ni mwalimu na umekuja kutazama ndege, wape darubini watazame. Watu wa Tanga wana ukarimu wa kweli, na mvuvi akishaona sululu kwa ukubwa ule atakutajia mwenyewe wanakolala maji yakijaa. Kisha kaa karibu na akina mama wanaookota chaza. Usiende peke yako ndani ya mikoko wala sehemu isiyo na watu, na saa kumi na mbili jioni uwe njiani kurudi. Darubini iingie kwenye begi ukiwa kwenye daladala. Na usiielekeze kamwe, wala simu yenye kamera, upande wa bandari, kambi au jengo la serikali. Utakayemkuta hapo hataki kusikia habari za ndege.

Kuhusu matope yenyewe, kuna hatari moja ambayo mtu wa bara haijui. Maji yakianza kujaa hayaji kwa mstari kutoka mbele. Yanaingia kwanza kwenye mikondo na vijito, yanakupita ubavuni, na unageuka unakuta mkondo nyuma yako umeshajaa. Kwa hiyo usishuke mbali na mchanga mkavu maji yakiwa yanakuja. Hakuna haja, ndege ndio wanakuja. Vaa raba za kufunga kwa kamba, kandambili zitabaki matopeni, na magamba ya chaza yanakata mguu vibaya. Kofia, maji ya kunywa lita moja na nusu, na kitu cha chumvi cha kutafuna, maana joto la kaskazi linachosha bila kukuarifu.

Beba na daftari dogo. Andika tarehe, saa, maji yako wapi, ndege gani na wangapi, hata kama hesabu ni ya kukadiria. Ukirudi Dodoma iweke orodha yako kwenye programu ya eBird, ni ya bure, na taarifa za miji ya pwani yetu bado ni chache ukilinganisha na za mbuga. Nitumie nami nakala, hasa ukimpata yule mla kaa akiwa na kinda wake. Niandikie ulikaa wapi na ilikuwa saa ngapi.